Taban Aliyachanganya Yale Mafuta

Keji mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Nyakuron kumuaga shangazi yako, na mama yako amekufuata na orodha ya vitu anavyodhani utasahau. Mambo ya sabuni, soksi, simsim ya kusaga na mahali pa kuweka pasipoti ukifika mpakani Nimule amekwisha kukuambia mara tatu, kwa hiyo mimi sitayagusa. Nimefunga karakana mapema. Wale vijana wa bodaboda wa Sherikat wamenuna, mmoja ameniacha na pikipiki yake imelala chini bila gurudumu. Wanune tu. Nataka kuandika hii kabla hamjarudi, kwa sababu nikikuangalia usoni sitaweza kuisema.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mimi na wewe tumegombana nayo tangu uanze kusema. Kibari ni cha bibi yako, Kiarabu cha Juba ni cha sokoni, Kiingereza ni cha fomu. Haya ninayotaka kukuambia si ya fomu.

Juzi ulikaa hapa kwenye kiti cha plastiki, ukamaliza kuongea na Taban kwenye simu, ukaanza kucheka mpaka ukashika tumbo. Ukaniambia, "Baba, huyu rafiki yako ana wazimu. Anasema kwake kuna sheria moja tu." Ukamwigiza sauti yake, ile ya mtu aliyelelewa Uganda: "Mimi iko na sheria moja. Mafuta yote inaangushwa kwa karatasi kwanza. Kama haiache alama ya oili, hapana weka kwa injini. Hata kama ni mimi nimechanganya, hapana amini mimi." Ukacheka tena. Mimi nikainuka nikasema naenda kuangalia betri. Hapakuwa na betri yoyote, Keji. Nilienda nyuma ya kontena nikasimama hapo, maana mtu aliyemtia Taban wazimu huo ni mimi.

Sasa nitakueleza, na nitaanzia kwenye mashine, kwa sababu ukijua mashine utajua nilichofanya.

Unaenda kwa Taban Kampala kuhudumia gokati za gia. Watu wakisikia gokati hufikiria vile vigari vya watoto vya kuzunguka kwenye matairi ya mpira siku ya Krismasi. Hizi si hizo. Ni injini ya mipigo miwili, silinda moja, cc 125, na gia sita unazobadilisha kwa mkono wa kulia huku umekaa karibu na lami kiasi kwamba ukidondosha kidole kinasagika. Breki ziko magurudumu yote manne, wakati gokati nyingine zina za nyuma tu. Haina springi, haina starta. Fundi ndiye anayeisukuma mpaka iwake, na kesho kutwa fundi huyo ni wewe. Klachi iko mkono wa kushoto, na dereva huitumia wakati wa kuondoka tu, kwa sababu mashindano ya daraja hili huanza magari yakiwa yamesimama. Baada ya hapo wengi huisahau kabisa. Klachi hiyo ikumbuke, nitairudia.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na watu kama sisi. Mtu alichukua injini ya mashine ya kukata nyasi, akaifunga kwenye mabomba aliyoyachomea mwenyewe, akakaa juu yake. Baadaye wengine wakaleta injini ya pikipiki pamoja na giaboksi yake. Ulikuwa mchezo wa watu wenye grisi kwenye kucha. Halafu wakaja wenye miwani ya jua, wakaupa kamati, mihuri na majina. Daraja la juu la gia liliitwa Formula C, na mdogo wake akaitwa ICC. Hilo la ICC ndilo nililolijua mimi Nairobi. Tulipokuwa tumesharudi huku wakabadilisha, wakasema ni KZ1 na KZ2. Kisha kwenye KZ1 wakaifuta ile namba moja, ikabaki KZ tupu. Nilisoma habari hizo kwenye simu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Fundi aliyelala mwaka mmoja akaamka mwaka uliofuata angeikuta injini ile ile ya cc 125 na gia zile zile sita, imepewa jina jipya. Nami nilishafanya kazi hiyo ya kubandika jina lingine juu ya kitu kile kile zamani, kwa karatasi chache kuliko zao.

Ulikuwa unatambaa wakati huo. Mimi na Taban tulikuwa mafundi wa bwana mmoja ambaye jina lake silitaki kwenye barua hii. Tulimwita Mkubwa. Alikuwa ameagiza gokati mbili kuukuu kutoka Ulaya kwa ajili ya mwanawe, na yeye na wenzake wachache wenye pesa wakatengeneza njia ya lami nje ya mji, wakaning'iniza bendera na kuyaita mashindano ya kimataifa. Umataifa wenyewe ulikuwa Mbelgiji mmoja muuza maua na Wahindi wawili wa Mombasa. Mkubwa alikuwa akitusalimia kwa mkono mbele ya wageni, kisha anatoa leso anajifuta kidole kimoja kimoja. Nilimwona. Taban alimwona. Taban alikuwa akisema, "Wacha yeye. Injini haina leso." Mimi sikuweza kuacha. Nilimchukia Mkubwa, na wakati huo huo nilitaka aniite kwa jina langu. Ukinusa chuki na njaa ya kusifiwa kwenye mwili mmoja, mwanangu, ondoka hapo haraka. Mimi nilikaa.

Taban ndiye aliyekuwa akichanganya mafuta. Injini ya mipigo miwili hunywa oili yake ndani ya petroli, unajua hayo tangu una miaka kumi. Tulikuwa na majerikeni mawili ya njano yanayofanana kama mayai. Moja lilikuwa la petroli tupu ya jenereta, jingine la mchanganyiko wa gokati. Hatukuandika kitu juu yake kwa kuwa wino wote uliyeyushwa na petroli. Taban akabuni njia yake. Akishamaliza kuchanganya anafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa jerikeni. Jerikeni lenye kitambaa ni la gokati, lisilo nacho ni la jenereta. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Siku moja ya mashindano palikuja Mzungu wa timu moja ya Ulaya. Ikasemwa anatafuta fundi wa kuondoka naye kwa msimu mmoja. Ikasemwa tu, unajua maneno ya pale. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, vyeusi, na vilikuwa vimejaa vumbi jekundu. Nikamwona yule Mzungu anakuja upande wetu na Mkubwa. Nikatafuta kitambaa. Karibu nami palikuwa na kimoja tu.

Nilikifungua, Keji. Nikakifungua kwenye mshikio nikafuta viatu vyangu, cha kushoto, cha kulia, na visigino. Kikawa matope matupu, nikakitupa kwenye pipa. Yule Mzungu akageukia hema la Mbelgiji, hakufika kwetu kabisa. Alikaa huko akinywa soda mpaka fainali.

Kisha wakaita magari. Taban alikuwa amekwenda kuchukua matairi. Nikarudi kwenye majerikeni, yote mawili wazi mishikio, nikajiambia la Taban ni lile la kushoto. Sikunusa. Mtu anayejua harufu ya oili ile tamu kuliko harufu ya mama yake, hakuinama kunusa, kwa sababu hakutaka petroli imrukie kwenye viatu. Nikajaza tangi nikasukuma gokati, ikawaka, nikapiga makofi.

Mzunguko wa tano, kwenye mnyoofu mrefu, injini ilishika. Hapo ndipo klachi inapohitajika. Pistoni ikikauka na kung'ang'ania silinda, ekseli ya nyuma inajifunga na gokati inazunguka kama pia. Dereva akiivuta klachi saa hiyo hiyo, gurudumu linaachiliwa. Kijana wa Mkubwa hakuivuta, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, na wa kumfundisha nilikuwa mimi. Alipinduka kwenye nyasi. Alivunjika mfupa wa bega na mkono mahali pawili. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa akilia akimwita mama yake.

Watu wote wakakimbilia kwake. Mimi nilikimbilia hemani.

Nikafungua jerikeni la kulia. Likanuka utamu. Mchanganyiko ulikuwamo, umepimwa vizuri kama siku zote. Nililibeba mpaka nyuma ya choo cha wageni nikalimwaga kwenye nyasi, lote, nikasimama nikiangalia ardhi ikinywa. Nikalisuuza kwa petroli, isibaki hata harufu ya oili, nikalirudisha tupu mahali pake. Nimeandika sentensi hizo mbili na nimeinuka kwenda kunawa mikono. Miaka yote hii nimejiambia nilikosea jerikeni. Kukosea jerikeni ni kukosea, kila fundi amewahi kukosea. Kule nyuma ya choo sikukosea. Kule nilikuwa najua ninachofanya, na nilikifanya haraka na kwa ustadi.

Mkubwa akaja ana damu ya mwanawe kwenye shati. Akauliza, "Nani aliweka mafuta hapa?" Nami nikajibu, "Taban ndiye huchanganya mafuta."

Ona sentensi hiyo. Huwezi kuipata na kosa. Taban ndiye aliyekuwa akichanganya mafuta, kila mtu alijua. Nilisema ukweli mtupu na kwa ukweli huo nikamzika rafiki yangu. Ndiyo maana siku ile ulipokuwa na miaka kumi na sita, nilipomwambia yule kapteni wa jeshi kutoka Bilpam kwamba "hizi nati za siku hizi si nzuri," wakati uzi wa nati nilikuwa nimeuharibu mimi kwa kukaza kwa hasira, ukanitazama ukiwa na spana mkononi, nilikufokea mpaka majirani wakatoka. Nati za siku hizi kweli si nzuri. Wewe ulisikia uvundo uliokuwa ndani ya sentensi ile. Sikukuomba msamaha. Malesh, Keji. Nimechelewa miaka sita.

Wakafungua injini palepale. Pistoni kavu, imekwaruzika, hakuna oili hata tone. Taban aliishika mkononi akaigeuzageuza. Nilimtazama nikingoja aseme, "Mimi nilichanganya, kitambaa kiko wapi?" Hakusema. Uso wake ulibadilika polepole, akasema kwa sauti ndogo, "Labda mimi ilisahau." Akaiamini. Palepale mbele yangu mtu aliyejua kazi yake kuliko sisi wote akaanza kujitilia shaka, nami nikamwacha. Mkubwa alimtukana, akamtukana na mama yake na nchi yake, ambayo ni nchi yangu, akamwambia atoke kwa miguu. Taban akaniachia spana zake. Akasema, "Wewe endelea. Wewe iko na mtoto." Mtoto huyo ni wewe.

Spana namba kumi unayoipenda, ile iliyolika mshikio, ambayo mama yako amekufungia kwenye soksi uende nayo, ni ya Taban.

Mimi nilifanya kazi kwa Mkubwa miaka mingine mitatu. Akaanza kuniita kwa jina langu. Sijui kama kuna jambo linalonitia kinyaa kuliko hilo, kwamba nilifurahi. Taban alirudi Arua, Uganda, akatengeneza vinu vya unga. Hakugusa gari la mashindano kwa miaka mingi, hadi alipofungua karakana Kampala, na hiyo sheria yake ya karatasi. Kila Krismasi ananipigia simu. Kila Krismasi anauliza habari za yule kijana, kama mkono wake ulipona vizuri, kama naweza kujua. Anauliza kama vile aliyemvunja ni yeye. Mwaka huu mtu fulani alimwonyesha video yako ukifungua giaboksi, akanipigia, "Ile mtoto ya wewe iko fundi! Leta yeye kwangu. Hapana sema ni deni. Wewe ulinisimamia Nairobi." Nilimsimamia, anasema. Nikamshukuru, nikakata simu, nikalala mchana kama mgonjwa.

Nilipanga hivi, na nakuambia ili unijue mpaka mwisho. Niliandika barua nyingine, fupi, ya Taban. Nikaitia kwenye bahasha, nikaigundisha, nikapanga kukupa kesho asubuhi nikwambie, "Mpe Mjomba Taban ukifika." Wewe ungempa ukitabasamu. Angeisoma umesimama mbele yake na begi lako, nami niko huku Sherikat nafungua pikipiki. Niliiona kuwa mpango mzuri. Nilijisifu hata, nikasema angalau sasa naisema. Jana nikamweleza mama yako kila kitu, na mpango wangu pia. Alikuwa anachambua dengu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kwa hiyo safari hii anayebeba ni binti yako."

Nikasema, "Si hivyo."

Akasema, "Khalas. Mimi umeniambia. Bado wenyewe, Taban na Keji."

Bahasha nimeichoma kwenye jiko lake la makaa.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilimpigia Taban. Nilijua naweza kukupotezea nafasi. Umeingoja nafasi hii tangu ulipokuwa ukikata picha za gokati ukizibandika kwenye mlango wa kontena, na hakuna mtu mwingine kati ya hapa na Kampala atakayempa msichana wa Juba spana ya KZ. Nilipiga hivyo hivyo. Ukitaka kunichukia kwa kutokukuuliza kwanza, unayo haki, ila ningekuuliza ningekuwa nakubebesha tena.

Nilimwambia yote, viatu, kitambaa, jerikeni, choo. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mimi ilichanganya?"

Nikasema, "Ulichanganya."

"Sema tena."

"Taban, uliyachanganya yale mafuta. Ukafunga na kitambaa. Yalikuwa sawa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nikamsikia anapumua kama mtu aliyetua gunia. Halafu akaanza kunitukana kwa Kibari, matusi ambayo sijayasikia tangu marehemu baba, na nikayapokea yote nimesimama. Alipochoka akasema, "Mtoto akuje. Yeye hakuna makosa. Lakini wewe pia kuja. Iko mafundi tisa kwa garage yangu, kila siku wanacheka mimi na karatasi yangu. Wewe tasema hiyo maneno mbele ya wao. Hapana kwa simu." Akakata.

Sijui kama atanisamehe. Hakusema, nami sikuuliza, na nakuomba usimuulize kwa niaba yangu. Usinipatanishe naye. Wewe kaa kwenye kazi yako. Mfundishe kila dereva mahali klachi ilipo, hata akikucheka, hata akiwa mtoto wa nani. Na ile karatasi ya mafuta usiicheke tena. Ukifanya kosa, na utafanya, litaje wewe kabla injini haijafunguliwa. Ukitafuta sentensi nzuri ya kulisemea, ujue tayari uko nyuma ya choo na mimi.

Nimenunua tiketi ya pili ya basi la kesho. Kiti chako ni cha kumi na moja, karibu na dirisha ulivyotaka. Cha kumi na mbili kilikuwa wazi, karani akanipa, lakini nilimwomba anibadilishie. Mimi niko nyuma kabisa. Nimeweka barua hii juu ya begi lako uisome leo, kabla hujalala, uwe na usiku mzima wa kuamua. Ukitaka tusafiri kama watu wasiojuana hadi Kampala, tutasafiri hivyo, sitakulaumu wala sitakuita. Ukinitaka karibu, geuka tu unitazame, nitakuja.

Nitakuwa nimevaa kandambili. Viatu vya kanisani nimempa yule kijana wa pikipiki isiyo na gurudumu.

Baba yako, aliyejaza lile tangi.